Kinywa Kilichojibandika Kwenye Glasi

"Viluwiluwi mkia mmoja, kinywa humtaja mama." Mmeisikia kwa bibi yenu mkaangua kicheko. Basi sogeeni, mjue ilikotokea.

Huko milimani Upare, Namkunda alikuwa na dimbwi nyuma ya nyumba, na uani kwake watu hawakukosekana: walikuja na ndoo, wakaondoka na umbea. Shemeji yake, Mbonea, akataka kulikausha apande tangawizi. Kilichomzuia ni mila moja tu: dimbwi analozalia chura wa mtini halikaushwi, maana chura huyo hazalii kwenye maji yatakayomkimbia mwanawe.

Mzee Mchomvu, mwamuzi wa kijiji, akaitwa, akachota viluwiluwi kwa kiganja. Weusi, mkia kama mikia yote.

"Wa chura wa barabarani hawa. Kausha."

Namkunda akawaona mashoga zake wakiokota ndoo kama watokao msibani.

"Mzee, hata kuku hanunuliwi kwa kutazamwa mgongo!"

Akatoa glasi tatu za wageni. Moja akatia viluwiluwi wa kijito cha msituni, wanakoshuka vyura wa mtini. Nyingine wa kidimbwi cha barabarani. Ya tatu wa kwake. Wakaogelea weee, kisha wakajibandika kwenye kioo, wakaanza kukikwangua.

Namkunda akasogeza jicho. Kwenye kinywa kisichofika punje ya mtama palikuwa na mdomo wa kasuku, na juu yake na chini yake safu za meno kama vitana, zikifumba na kufumbua.

"Mama yangu! Njooni muone!"

Wakasukumana. Wa barabarani: safu mbili juu, na vindevu vya nyama pembeni tu. Wa msituni: safu nne juu, na vindevu vimeuzunguka mdomo wa chini kama mkufu. Na wa dimbwini?

"Nipisheni," Mbonea akasema, "macho yenu ya umbea siyaamini."

Akachuchumaa. Akatazama mpaka jua likamchoma kisogo.

"Nne," akanong'ona. "Na mkufu huu hapa. Shemeji, kumbe Mungu huandika ukoo mahali padogo hivi?"

"Na tangawizi, shemeji?"

"Itatafuta shamba lingine."

Mbonea akawarudisha viluwiluwi dimbwini kwa mikono miwili, kama anayebeba mtoto wa watu.

"Mimi nilitazama mkia," Mzee Mchomvu akasema.

"Sote, mzee," Mbonea akajibu, macho bado majini. "Viluwiluwi mkia mmoja, kinywa humtaja mama."