Tuta la Lambo na Kiwanja Kimoja

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kusema, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika, kijiji kimoja cha Usukumani kilikaa chini ya lambo. Tuta lake, lile lililozuia maji, lilikuwa la udongo mtupu. Sasa nisikilizeni, msinikatize.

Luhende, mlinzi wa lambo aliyefiwa na mke, aliishi peke yake juu ya tuta. Kila asubuhi alikinga kwa glasi maji yaliyovuja chini ya tuta, akayatazama juani. Yakiwa maangavu, hayana neno. Yakiwa na tope, yanaondoka na tuta.

Minza, mtaalamu aliyeletwa na mradi wa kukagua lambo, alipanga chumba pembeni kabisa mwa kijiji. Akajenga lambo jingine ndani ya kompyuta: chembe za mchanga, udongo unaozigandisha, maji yanayozisukuma. Watu walimwona akisema na mashine, wakamkwepa. Lambo lake halikubomoka hata mara moja, akawatangazia wako salama.

Nshoma, mfinyanzi, aliishi ng'ambo ya makorongo. Tuta lilipojengwa aliwaonya wajenzi: "Udongo wa upande wa kushoto haushikani." Wakamcheka. Akanyamaza miaka kumi na miwili.

Siku moja glasi ya Luhende ikatoka na rangi ya chai. Akasita siku tatu, kwani nani angemsikiliza? Ya nne akaipeleka kwa Minza.

"Mwanangu, lambo lako linasemaje?"

"Linasema salama, baba. Lakini glasi yako inasema vingine."

Wakavuka hadi kwa Nshoma. Akatumbukiza majini bonge la udongo wa upande wa kulia wa tuta, likatulia. La kushoto likayeyuka kabla hajamaliza kuwauliza habari za nyumbani.

"Nimekosa, mama," Minza akasema. "Nguvu ya udongo niliitoa kitabuni, nikaiandika ileile tuta zima."

Akaibadilisha. Safari hii maji yalilitoboa lambo la kompyuta ndani kwa ndani, likaanguka siku ya tisa. Basi maji yakafunguliwa yapungue, watu wakahamia mlimani. Siku zote hizo wale watatu walikula chungu kimoja, na Nshoma akacheka mpaka akajishangaa. Siku ya tisa tuta likaanguka kweli. Hakufa hata kuku.

Watu waliporudi, mwenyekiti wa kijiji akashika kigingi cha kuwekea mpaka. Kijiji kilibakiwa na kiwanja kimoja tu cha kumpa shukrani mmoja wa wale watatu, kati ya kisima na mashine ya kusaga, mahali ambapo mtu hamalizi asubuhi bila kusalimiwa.

"Ni changu," akasema Luhende. "Bila macho yangu mngesombwa. Tangu mke wangu afariki, nasalimia mbuzi wa watu."

"Ulikaa kimya siku tatu," akasema Nshoma. "Mimi nilisema kabla ya wote. Nikipika, napika cha mtu mmoja."

"Ulisema mara moja, mama, ukaacha," akasema Minza. "Siku ya kuhama niliwapa mimi. Mradi umeisha, na kwetu hakuna anayeningoja."

"Na ni wewe uliyetuambia tuko salama," Luhende akamjibu.

Tangu siku hiyo hawali tena pamoja. Kila mmoja na sufuria yake, na mimi roho inaniuma nikiwafikiria. Kigingi bado kiko mkononi mwa mwenyekiti.

Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili kupigiwa kigingi kile? Na wale wawili watakaobaki, nani atawasalimia?