Nyuso za Mkaa Ukutani

Wapendwa, mfano wa leo si mtamu. Nilitafuta mwingine, sikupata.

Palikuwa na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyefungua kituo kidogo mtaani kwake. Vijana walikuja pale kuchora, kuigiza, na kuzungumza juu ya mambo waliyoyaona yakawanyima usingizi. Majirani walimsifu sana. Walimchangia rangi na viti.

Kati ya vijana hao alikuwemo binti wa miaka kumi na tisa. Kaka yake aliitiwa mwizi sokoni, saa nne asubuhi. Watu wakamzingira, wakamuua. Aliiba? Hakuiba? Nani alingoja kujua? Binti alikuwepo, akaona yote. Tangu siku hiyo hakulizungumzia jambo hilo. Pale kituoni alishika kipande cha mkaa, akachora nyuso. Miezi minane, nyuso tu.

Siku ya maonyesho ilipokaribia, yule mama akazitazama picha. Aliwajua wote, majirani zake.

"Mwanangu, tukizitundika hizi watatufungia kituo."

"Najua, mama."

"Huogopi?"

"Naogopa. Nakutana nao kila nikienda kuchota maji. Wananisalimia."

Wakazitundika.

Jumamosi watu wakaja, wamependeza, watoto wamewashika mikono. Wakaingia wakicheka, kicheko kikakatika. Muuza nyama alisimama mbele ya picha moja.

"Huyu ni mimi," akasema taratibu. "Mbona umenichora nacheka?"

"Ulikuwa unacheka, baba."

Akina mama wakaanza kuwavuta watoto wao nje. Waliobaki wakapita ukutani harakaharaka, kila mmoja akijitafuta, akiomba asijione. Mwenye duka la pale kona ya soko akajikuta amechorwa nyuma ya nondo za dirisha lake, mdomo kaufumba, mikono mitupu. Akashusha pumzi.

"Afadhali mimi," akawaambia wenzake. "Mimi sikumgusa. Hata jiwe sikuokota."

Binti akamsogelea.

"Kaka yangu alikimbilia kwako, mjomba. Nilikuita kwa jina. Nilikuomba ufungue. Ukaniangalia, halafu ukatia komeo. Hao wengine nawaota mara mojamoja. Wewe nakuota kila siku."

Jumatatu yake, hakuna mzazi hata mmoja aliyemruhusu mtoto wake kurudi pale. Binti alikwenda peke yake, akakaa na yule mama.

Sasa nawauliza, ndugu zangu. Tukiwaombea vijana wetu hapa, tunasema wameumizwa na mtaa. Mtaa una mikono? Mtaa una komeo? Mtaa ni nani kama si sisi, tuliokaa hapa na mashati yetu yaliyonyooshwa? Nani kati yetu hajawahi kusikia mtoto wa jirani akilia, akaongeza sauti ya redio? Mimi nimefanya hivyo. Nimesimama hapa mbele yenu, nimefanya hivyo.

Tunajifariji kwamba hatukurusha jiwe. Nakuomba uogope, ndugu yangu. Uogope faraja hiyo kuliko unavyoogopa wezi.

Kuna mtu anayekuita wiki hii. Unamjua, na jina lake limekujia sasa hivi. Usisubiri niseme amina. Inuka, nenda kwake.