Kwa Nini Shali ya Sala Huchaguliwa na Watu Wawili

Zamani, kijiji chetu cha Wayahudi kule mlimani kilipokuwa na kondoo wengi kuliko watu, kila mwanamume alikwenda peke yake kuchagua shali ya sala. Alijigeuzageuza mbele ya kioo, akiridhika akalipa, akaenda zake. Msicheke, hata babu zenu walipenda kujitazama.

Siku hizo aliishi Zebuloni, aliyekaa na mkewe Adina miaka kumi na miwili bila mtoto. Walipojaliwa binti, alitaka kumpeleka sinagogi apewe jina, naye asimame katika shali mpya kumshukuru Mungu. Akaenda kwa mfumaji, Mama Serahi, ambaye alimtandazia shali ya sufu, nzito, pana, ingali inanukia kondoo.

"Mama, hili si blanketi?"

"Ni la mtu mwenye familia, mwanangu."

Zebuloni akacheka, akachagua nyembamba yenye mistari ya samawati, iliyomfika kiunoni tu. Ile nzito ilibaki bila hata kufungwa vishada vya pembeni, vile vinavyoifanya nguo kuwa ya sala. Basi Mama Serahi akawa anajitanda yeye asubuhi za baridi.

Alhamisi, siku ya kusomwa Torati sinagogi na kumpa mtoto jina, ikafika. Walikuwa katikati ya mteremko wakipanda kwenda sinagogi, hakuna mti wala paa, mvua ya mawe ilipowashukia. Zebuloni alimfunika mtoto kwa shali yake. Akiivuta kichwani, miguu inabaki nje. Akiivuta miguuni, kichwa kinalowa. Kilio cha mtoto kikafifia, kisha kikakatika.

"Mume wangu, amenyamaza!" Adina alipiga kelele.

Zebuloni alijua tu kwamba miaka kumi na miwili ilikuwa inampoa mikononi.

Mama Serahi, aliyekuwa akipanda nyuma yao, alifika anahema. Alivua ile shali nzito, akawafunika wote watatu, na yeye mwenyewe akajipenyeza ndani. Sufu ililowa kwa nje, ndani mkabaki na joto. Walibanana humo wakimpumulia mtoto, hadi akapiga chafya, halafu akalia kwa nguvu zake zote.

Zebuloni alilia kumshinda mtoto. "Asante, Mama. Asante, Mungu wangu." Hakuwa na sala nyingine, na hiyo ilitosha. Mchana huohuo Mama Serahi alifunga vishada, na binti akaitwa Yemima chini ya shali ileile.

Na tangu siku hiyo, kijijini kwetu hakuna achaguaye shali peke yake. Huja na mtu ampendaye, wakajifunika pamoja, wakasema asante kabla ya kuulizana bei. Bega moja likibaki nje, mfumaji hauzi. Na akija mtu asiye na wa kuja naye, mfumaji huacha kazi yake, akainuka, akaingia naye.