Hodi Katika Nchi ya Barafu

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana leo nasimulia nina hasira.

Alikuwapo bwana mmoja, Shaame, mwenye tabia ya kuingia majumbani mwa watu bila hodi. Siku moja akamlazimisha Bi Mize, mchawi, ampandishe kwenye ungo wake unaoruka, akatazame nchi ya barafu. Wakapaa mpaka bahari ikawa nyeupe kama chokaa.

Chini wakaona sili, wale wanyama wa baharini walalao juu ya barafu, pamoja na watoto wao.

"Piga hodi, bwana. Hapa pana wenyewe," alisema Bi Mize.

"Hodi kwa wanyama? Shusha!"

Ungo ukashuka kwa kishindo. Sili wakatumbukia majini, watoto wakabaki juu wakilia. Shaame akacheka. Alicheka, wanangu!

Mbele wakaona kulungu wenye pembe kama matawi.

"Piga hodi, bwana."

"Shusha!"

Kulungu wakatimka, ndama wakakanyagwa. Mshenzi yule akacheka tena.

Kisha wakaona dubu mweupe amelala na mwanawe.

"Piga hodi, bwana!"

"Shusha, nimshike huyo mtoto!"

Akaruka chini. Dubu akainuka, akanguruma kwa maneno: "Nani kaingia kwangu?" Barafu ikapasuka, kipande alichosimamia Shaame kikaanza kuelea. Bi Mize akapaa na ungo wake, hakugeuka nyuma.

Hapo ndipo Shaame alipopaza sauti: "Hodi! Hodi! Hodi jamani!"

Wote walimsikia. Hakuna aliyesema karibu.

Nanyi mwajua desturi: hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni huondoka. Haya, aondoke aende wapi?