Mbuzi Sita na Dado la Mwinyi

Mbuzi sita wa Kidawa walikula muhogo wa Mwinyi Gongo, naye akaja kuwachukua, dado mkononi kama kawaida yake. Akawakuta wamefungwa kwa duara, wamepakwa namba ubavuni: 1, 4, 2, 8, 5, 7.

"Rusha dado, Mwinyi," akasema Kidawa. "Zidisha 142857 kwa kitakachotoka. Jibu lisipoonekana kwenye duara, wachukue. Likionekana, muhogo wako umeshakuwa mavi."

Ikatoka tatu. Mwinyi akakokotoa: 428571.

"Anzia kwa mwenye nne, uzunguke."

Likaonekana.

"Umebahatisha!" Mwinyi akarusha tena: sita. Jibu, 857142.

"Anzia kwa mwenye nane."

Mwinyi akaenda zake akiwatukana mbuzi.

"Je, kama angezidisha kwa saba?" mume wa Kidawa akauliza.

"Zingetoka tisa tupu, na mbuzi mwenye tisa hatuna. Lakini dado lenye saba umeliona wapi?"