Dirisha la Bi Shekuwe

Kwa jina la Allah, Mlinzi asiyesinzia. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyeusiwa juu ya jirani hata akadhani kuwa jirani atapewa fungu la mirathi.

Wanangu, mlimsikia mzee wa arusi akimuusia bwana arusi: “Dirisha jema hupitisha mkono, likazuia bega.” Mkauliza neno hilo limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa mawe huko pwani ya kaskazini aliishi Bi Shekuwe, mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ng’ambo ya ujia, mkabala naye, alikaa Bi Mwanatumu, mpika vitumbua. Mwana wa Bi Shekuwe alikuwa mmoja tu, Famau, mfanyakazi wa bandarini Mombasa. Na kisa hiki ni chake, kwa kuwa ndiye aliyekosea, na alikosea kwa kupenda.

Dirisha la Bi Shekuwe lilikuwa la mbao kongwe, lenye vibao vyembamba vya kuinua na kushusha. Na ada ya mtaa ilikuwa hii: mwanamke akiamka huinua vibao, jirani akiviona hutoa salamu na kupenyeza alichojaliwa. Vikiwa vimeshushwa, basi ndani mna eda, au ibada, au mapumziko. Mpita njia hupunguza sauti akaenda zake. Kubisha hodi kwenye dirisha lililofungwa kulihesabiwa ukosefu wa adabu.

Ikatokea wezi wakavunja nyumba mtaani, wakipitia dirishani. Habari zilipomfikia Famau, usingizi ulimtoka. Alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Kupa, fundi wa vyuma. Kupa akamwonyesha nyavu za waya, akamwonyesha nondo, akamwonyesha bamba zima la chuma. Famau akalipigapiga bamba kwa kiganja.

“Hili.”

Mama yake alipoliona, aliuliza jambo moja tu. “Na Mwanatumu nitamwonea wapi, mwanangu?”

“Mlangoni, mama.”

“Mlango ni wa wageni.”

Lakini alimtazama mwanawe, akaona macho yalivyoingia ndani kwa wasiwasi, akaridhia. Bamba likakazwa mahali pa vibao, Famau akarudi kazini na moyo uliotua.

Aliporejea, ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Alimkuta Bi Mwanatumu ujiani akipita kwa kunyata, bakuli mkononi limefunikwa kawa.

“Shikamoo, mama. Mbona wanyata?”

“Marahaba, baba. Mamako yumo katika nyiradi zake. Tangu dirisha hili lije, hafungui. Nami sitaki kumkatiza mja na Mola wake.”

“Mara ya mwisho ulimwona lini?”

Bi Mwanatumu akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Famau alikwishatia ufunguo mlangoni.

Walimkuta Bi Shekuwe kitandani, homa imemkausha midomo, mtungi wa maji u mbali na mkono. Alipomwona mwanawe alitabasamu kana kwamba yeye ndiye anayemwuguza.

“Usilie, Famau. Kila asubuhi nilikuwa nikimsikia Mwanatumu anapita ananyata. Nikamwita. Sauti ikagonga chuma, ikanirudia.”

“Nami nikijiona mtu wa adabu,” akasema Bi Mwanatumu, huku machozi yakimdondoka ndani ya bakuli. “Nanyata kama paka mwizi wa samaki.”

“Basi huyo ndiye mwizi pekee aliyezuiwa,” akasema mgonjwa, na wote watatu wakacheka pale palipokuwa pa kulia.

Famau hakucheka muda mrefu. Alikalia ukingo wa kitanda, akaushika mguu wa mama yake juu ya shuka, akaukumbatia kifuani. Bi Mwanatumu akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, na kwa uwezo wa Mola homa ikashuka.

Mama alipopata nguvu ya kuketi, Famau alimleta Kupa, bamba likang’olewa. Vikarudishwa vibao vya mbao, vipya, na nyuma yake nondo.

“Niziachanishe kwa nafasi gani?” akauliza fundi.

Famau akamwomba Bi Mwanatumu bakuli lake. “Lipite hili pamoja na mkono ulioshika. Kisha pima bega, bega lisipite.”

“Bega la nani? Nikipimia lako, bwana, lilivyo jembamba, hata nzi hapiti.”

“Pima la mwizi,” Bi Shekuwe akasema kutoka kitandani, “lakini mkono pima wa Mwanatumu, maana umenenepa kwa vitumbua.”

Nondo zikakazwa kwa vipimo hivyo. Asubuhi iliyofuata Bi Shekuwe aliinua vibao. Kabla salamu haijatimia, bakuli lilikwisha kupita baina ya nondo, la moto, na kiganja kilicholishika hakikuondoka upesi. Kilishikwa kutoka ndani, kikakaa. Famau alisimama nyuma akatazama, akasema taratibu, kama mtu ajisomeaye: “Dirisha jema hupitisha mkono, likazuia bega.”

Kupa akalibeba neno hilo katika kila nyumba aliyoitwa kutia nondo dirishani, hata likafika arusini mlikolisikia.

Hao wote wametangulia. Mola awanawirishie makaburi yao. Nasi tuliobaki, Atulinde na shari ya anayevunja, wala Asituzibe masikio tusimsikie anayetuita. Na kila nyumba yenu, wanangu, Aijaalie dirisha jema: lipitishe mkono, lizuie bega. Amina.