Feni Iliyosifiwa

Wapendwa, leo sitawaambia mzime simu. Ziwekeni tu mapajani, tutazihitaji baadaye. Nina mfano wa bosi mmoja, na tangu uniingie kichwani wiki hii sina raha.

Bosi huyu alikuwa na kampuni ya kuchora ramani za nyumba. Akafunga ofisi, akawaambia wachoraji wake, "Kila mtu afanyie kazi kwake." Mmoja akarudi Tanga, mwingine Songea, na dada mmoja akahamia Shinyanga, akapanga chumba peke yake. Kila Ijumaa walituma ramani zao kwa mtandao. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo.

Lakini bosi hakuwa na amani. Mtu usiyemwona, utajuaje kama anachora au anachambua maharage? Basi akagundua kwamba kwenye kompyuta kuna kitaa kidogo kando ya jina la kila mtu. Ukiwa unaigusagusa kompyuta, kitaa ni cha kijani. Ukiiacha kidogo, kinageuka njano. Bosi akaacha kuangalia ramani, akawa mlinzi wa vitaa. Kikigeuka tu, anaandika kwenye grupu, mbele ya wote: "Dada wa Shinyanga, uko wapi?" Yuko chooni, jamani! Mtu mzima na heshima zake, ajibu nini?

Kupiga simu, hapigi. Mwaka mzima hakuwahi kumpigia hata mmoja wao kumwuliza umeamkaje.

Jumatatu moja yule dada akaamka kichwa kinamgonga, macho yana ukungu. Alitaka kujilaza tu. Lakini mwenzake wa Tanga aliwahi kusema anaumwa, bosi akamjibu kwenye grupu, "Tangu muanze kufanyia kazi nyumbani, wagonjwa hawaishi." Dada akaogopa. Akachukua feni yake, ile inayogeuza shingo huku na huku, akaifunga kwa uzi na kile kipanya cha kusogezea mshale wa kompyuta. Feni ikigeuka, kipanya kinavutwa. Ikirudi, kinalegea. Kitaa kikabaki kijani.

Mnacheka feni? Chekeni sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Dada aliinuka aende kitandani, na hakufika. Alianguka sakafuni, katikati ya chumba.

Jumanne asubuhi bosi akafungua kompyuta. Wengine wote njano, Shinyanga kijani. Kijani tangu jana, kijani usiku kucha! Mwenye akili timamu angejiuliza, huyu analala saa ngapi? Yeye akafurahi. Akaandika kwenye grupu, "Mwigeni dada wa Shinyanga. Huyu ndiye mfanyakazi." Wenzake wakatuma vile vikaragosi vya makofi. Yule wa Songea peke yake akauliza, "Bosi, mbona mwenyewe hajibu?"

"Hana muda wa kujibu," bosi akaandika. "Yuko kazini."

Yuko kazini! Wapendwa, yuko sakafuni! Mdomo umemkauka, upande mmoja umekufa ganzi, anasikia simu mezani ikilia milio ya pongezi zake na mkono haufiki. Na bosi anasifu feni. Hivi hamshtuki?

Mnajua nani alimwokoa? Umeme. Mchana ule umeme ulikatika Shinyanga, kama unavyokatika. Feni ikasimama, kitaa kikageuka njano. Ndipo kwa mara ya kwanza bosi akapiga simu, na msidhani alipiga kumjulia hali. Alipiga kumgombeza. Simu ikalia, haikupokelewa. Akarudia kwa hasira, akarudia tena, mpaka jirani, mama muuza vitumbua, akachoka na zile kelele akaenda kugonga mlango. Haukufunguliwa. Akaita watu, wakauvunja. Huyo mama ndiye aliyepokea simu.

"Mpe mwenye simu!" bosi akafoka. "Kwa nini hayupo kazini?"

"Baba, mwenzio yuko chini hapa, hatujui tangu lini," mama akasema. "Na kuna feni imefungwa uzi. Hii feni ya nini?"

Bosi alielewa feni ilikuwa ya nini.

Dada aliishi. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa hospitali jana yake mambo yangekuwa tofauti. Bosi akasafiri mpaka Shinyanga, akakaa kando ya kitanda, machozi yanamtoka. "Dada, nisamehe. Niambie hata neno moja, nikusikie." Yule dada akafungua kinywa, akajitahidi sana. Neno halikutoka. Mwaka mzima alikuwa na sauti nzuri tu, na hakuna aliyeitaka.

Naona mnamkunjia uso bosi. Na sisi je? Wewe unayesimamia watu walio mbali, ukimfanya mtu aogope kusema anaumwa, atakufungia feni, na wewe utampa feni zawadi. Mama yako kijijini, akiweka kikaragosi kwenye grupu la ukoo unasema mama hajambo. Mtoto wako chuoni, ukiona alikuwa mtandaoni leo unalala usingizi. Na humu kanisani, mtu akiandika "Amina" kila asubuhi tunasema huyo yuko imara. Hiyo Amina yake imefungwa uzi kwenye nini? Nani kati yetu ameuliza?

Sasa chukueni zile simu. Kuna jina limekujia moyoni tangu nilipotaja sakafu, na unalijua. Toka nje, kwaya itaimba bila wewe na sadaka itakungoja. Usiandike. Piga, usikie sauti yake.

Asipopokea, mpigie jirani yake.